Joto la Paa na Bei ya Nyumba

Aghalabu mwenye nyumba katika miji ya pwani yetu, anapokusudia kuiuza, huanza na rangi ya ukutani, vigae vya sebuleni na geti la chuma, maana hivyo ndivyo ambavyo jicho la mshitiri hutangulia kuviona. Ilhali jambo ambalo mshitiri huyo atalilipia kila mwezi kwa muda wote atakaoishi humo, yaani joto, huachwa kama lilivyo, kwa kuwa halionekani katika picha wala halitajwi katika hati. Huo ni upungufu mkubwa wa hesabu. Nyumba inayokaa baridi kwa umeme kidogo ina thamani ambayo muuzaji ana haki ya kuidai, maadam ameifanyia kazi na anaweza kuithibitisha.

Kazi hiyo huanzia juu. Mombasa iko yapata digrii 4 kusini mwa istiwai, na Dar es Salaam karibu 7. Kwa hiyo jua la adhuhuri hupita utosini mara mbili kwa mwaka, na siku zilizosalia halikengeuki sana, hata paa likawa ndilo lipokealo miale mingi kuliko ukuta wowote. Bati lililochakaa, au lililopakwa rangi ya giza, huifyonza miale hiyo, likapata moto, kisha likaushusha moto huo juu ya vichwa vya waliomo hata kama madirisha yote yako wazi na upepo unavuma. Rangi nyeupe juu ya bati hurudisha angani sehemu kubwa ya mwanga, na gharama yake ni ndogo. Chini yake ifuate dari, na baina ya dari na bati itandazwe karatasi ya alumini, uso wake unaong'aa ukielekezwa chini penye nafasi ya hewa, kwa sababu uso ulioelekea juu hufunikwa na vumbi na kupoteza faida yake. Tena yaachwe matundu chini ya upenu na karibu na kilele cha paa, hewa iliyopata moto ipate njia ya kutoka.

Kuta za kaskazini na kusini huhifadhiwa vyema na upenu mpana, lakini jua la alasiri huja limeinama, likaupiga ukuta wa magharibi bila kizuizi. Huko ndiko kunakohitaji mti, baraza yenye paa, au vibao vya dirisha vya nje. Pazia la ndani huchelewa, kwani joto limekwisha kuvuka kioo.

Wazee waliojenga Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja waliyajua haya. Kuta zao za mawe ya matumbawe na chokaa zina unene wa karibu nusu mita, na vyumba ni vyembamba kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikandaa. Ukuta wa namna hiyo hulichelewesha joto la mchana. Lakini unene peke yake hautoshi, maana joto lililokawizwa hutoka usiku, na ndiyo sababu nyumba ya Lamu ilikuwa na kiwanda, yaani ua wa ndani, kilicho wazi kwa mbingu. Nasikitika kuona watu wakiyang'oa madirisha ya zamani yaliyofunguka yote na kutia ya aluminiamu ya kusukuma, ambayo hufunguka nusu tu, kisha wakanunua kiyoyozi ili kulipa fidia ya upepo walioufungia nje.

Mitambo ije mwisho. Taa ya LED ya wati 9 hutoa mwanga wa balbu ya zamani ya wati 60, na maji ya kuoga yakipashwa na jua hupunguza mzigo wa hita. Kiyoyozi cha inveta ni bora kuliko cha zamani, lakini katika nyumba ambayo paa lake limetengenezwa chaweza kuwa kidogo.

Huko Uingereza, tangu mwaka 2007, ulianza utaratibu wa muuzaji kutoa cheti kinachoipanga nyumba kwa herufi kutoka A hadi G, na cheti hicho hudumu miaka 10. Kwetu si desturi mshitiri kuonyeshwa cheti cha namna hiyo, basi muuzaji ajitayarishie ushahidi: risiti za umeme, za LUKU au za tokeni, za mwaka mzima, pamoja na zile za miezi ya kaskazi, na amwalike mshitiri saa nane mchana, viyoyozi vikiwa vimezimwa.

Hata hivyo, si kila gharama hurudi. Mahali ambapo kiwanja kina thamani kupita jengo, na mshitiri ananunua akikusudia kubomoa, paneli za jua na madirisha mapya hayataongeza bei. Hapo mwenye nyumba apake bati rangi nyeupe kwa raha yake mwenyewe hadi siku ya kuhama, na fedha iliyobaki aiweke.