Lubumbashi: Masta ya uongozi wa jamii na hesabu ya pesa za madini

Katika familia nyingi za Lubumbashi, kijana akisema anataka kufanya masta ya uongozi wa jamii, swali la kwanza ni lile lile: utapata kazi gani nayo? Kazi ya injinia wa madini inajulikana, na ya daktari vilevile. Ya kiongozi wa jamii ndiyo wazazi hawaioni. Lakini katika jimbo la Haut-Katanga jibu lipo tangu tarehe 9 Machi 2018, siku sheria iliyorekebisha Kanuni ya Madini ilipotiwa sahihi.

Sheria hiyo iliingiza jamii moja kwa moja katika mgawanyo wa pesa. Ushuru unaolipwa kwa madini yanayouzwa, ule unaojulikana kama redevance minière, unagawanywa hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komuni, sekta au uchifu ulio na mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Mbali na hapo, kila kampuni inapaswa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa miradi ya maendeleo ya wakaaji. Tena kuna cahier des charges, yaani maandishi ambamo kampuni inaahidi shule, maji, barabara au kituo cha afya, baada ya kujadiliana na jamii yenyewe.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua mgodi unaouza shaba ya dola milioni 500 kwa mwaka. Ushuru wa shaba ni asilimia 3.5, yaani dola milioni 17.5. Fungu la komuni, asilimia 15 ya hizo, ni dola 2,625,000. Ongeza zile asilimia 0.3 za mauzo, dola 1,500,000. Zote pamoja zinapita dola milioni 4 kwa mwaka mmoja, katika eneo ambalo huenda halina hata bomba la maji safi. Na hiyo ni shaba tu. Kobalti, iliyotangazwa kuwa madini ya kimkakati mwishoni mwa 2018, inatozwa asilimia 10.

Nani anaketi mezani kujadili pesa hizo? Upande wa kampuni wanakuja wanasheria, wahasibu na wataalamu wa mazingira. Upande wa wakaaji anakuja chifu, mwalimu wa shule ya msingi, mama wa chama cha wakulima, kijana wa shirika la kiraia. Wanajua kisima kipi kimekauka na shamba lipi limechukuliwa, jambo ambalo yule mwanasheria hawezi kulijua. Lakini wakipewa karatasi ya kurasa 40 kwa Kifaransa cha kisheria na kuambiwa waweke sahihi kabla ya saa sita, ujuzi wao hauwasaidii sana.

Historia ya Katanga inaeleza kwa nini jambo hili ni gumu. Kwa miaka mingi kampuni ndiyo iliyoongoza maisha. Gécamines, iliyorithi mali za Union Minière mwaka 1967, ilimpa mfanyakazi nyumba, unga, hospitali na shule ya watoto. Mtu hakuwa na haja ya kujadili, alipanga mstari. Uzalishaji ulipoporomoka miaka ya 1990, vyote vikaporomoka navyo, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa katika mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Jina hilo bado linawachekesha na kuwaudhi wazee wa Lubumbashi. Mazoea ya kungoja kampuni ilete hayakuondoka pamoja nao.

Mji huu haukosi chuo cha kufundishia kazi hii. Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, kina mizizi yake katika chuo kilichoundwa mwaka 1955, na katika miaka ya 1970, wakati vyuo vya nchi viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa la Zaïre, sayansi za jamii ziliwekwa hapa. Crawford Young, Mmarekani aliyeandika sana juu ya siasa za Kongo, alikuwa mkuu wa kitivo hicho. Baadaye mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu na wenzake wakakusanya kumbukumbu za wafanyakazi wa migodi na familia zao, kwa kuwasikiliza wenyewe. Kusikiliza kwa namna hiyo ndiyo nusu ya kazi ya kiongozi wa jamii.

Mfumo wa masomo nao umebadilika. Zamani ilikuwa graduat ya miaka mitatu, kisha lisansi ya miaka miwili. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 mfumo wa LMD umeenezwa nchini: lisansi ni miaka mitatu, masta miwili yenye krediti 120. Miaka mitano ni ile ile, ila sasa inamalizikia kwenye masta. Kwa mtu anayefanya kazi mchana, na anayelipa masomo kwa dola huku mshahara ukija kwa franga, miaka hiyo miwili ni mizito. Anayetaka kubaki karibu na watu wake huku akisoma anaweza kutazama nje pia: Chuo Kikuu Huria cha Tanzania hufundisha kwa masafa na kina masta ya maendeleo ya uchumi wa jamii, lakini masomo ni kwa Kiingereza.

Hapo tunafika kwenye lugha, na pengine ndipo penye tatizo kubwa kuliko karo. UNILU inafundisha kwa Kifaransa. Mkutano wa Ruashi au wa Kipushi unafanyika kwa Kiswahili, au kwa Kibemba na Kisanga vijijini. Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Mtu aliyesoma uongozi kwa miaka miwili na hawezi kumweleza mama muuza mboga tofauti ya redevance na zile 0.3, kwa maneno ambayo mama huyo atayarudia jioni nyumbani, bado hajamaliza masomo, hata kama jopo limempa distinction.

Kuna hatari nyingine ambayo haizungumzwi sana. Kampuni nazo zinahitaji watu wa kuongea na wakaaji, na mshahara wao hauwezi kulinganishwa na posho ya shirika la kiraia. Kijana mwenye masta hii anaweza kuhamia upande wa pili wa meza ile ile, na hakuna wa kumlaumu kwa kutaka kulisha familia. Lakini hapo komuni itakuwa imempoteza mtu wake pekee aliyejua kusoma jedwali la malipo.

Kuhusu mémoire, jambo moja lingeweza kufanyika bila sheria mpya wala mfadhili. Kwa kawaida kazi hiyo hutetewa chuoni, kwa Kifaransa, na nakala hubaki maktaba. Mwanafunzi aliyeandika juu ya cahier des charges ya komuni fulani angeweza kuitetea mara ya pili mbele ya burugumesta na wakaaji wa komuni hiyo, kwa Kiswahili, huku wakimuuliza maswali. Ruashi, kwenye mgodi wake wa shaba na kobalti, iko ndani ya mji wenyewe. Teksi-basi inafika.