Majaribio Yaliyofichwa na Tiba ya Sonona

Redio ikitangaza kwamba utafiti mpya umethibitisha dawa fulani inatibu sonona, swali la kwanza linalofaa kuulizwa ni hili: na tafiti nyingine zilisemaje? Mapitio ya kimfumo yalibuniwa ili kulijibu. Watafiti huchagua swali moja, husaka kila jaribio lililowahi kufanywa juu yake, hupima ubora wa kila moja, ndipo hutoa hukumu. Wengi huidhani kazi hii kuwa ya kujumlisha tu. Kwa maoni yangu, thamani yake kubwa iko katika kuyatafuta yale ambayo hayakuchapishwa, maana katika afya ya akili ukimya wa aina hiyo umetupotosha sana.

Nchini Marekani, kampuni inayotaka kibali cha dawa hulazimika kuwasilisha kwa Mamlaka ya Chakula na Dawa matokeo ya majaribio yake, yaliyofaulu na yaliyoshindwa. Mwaka 2008, Erick Turner, daktari wa magonjwa ya akili aliyewahi kufanya kazi katika mamlaka hiyo, pamoja na wenzake, walichukua majalada ya majaribio 74 ya dawa 12 za sonona wakayalinganisha na yaliyotoka majaridani. Mamlaka iliyahesabu 38 kuwa yamefaulu, na 37 kati ya hayo yalichapishwa. Katika 36 yaliyobaki, 22 hayakuonekana popote, 3 yalichapishwa jinsi yalivyokuwa, na 11 yaliandikwa kana kwamba yamefaulu. Daktari aliyetegemea majarida aliona ushindi katika asilimia 94 ya majaribio. Majalada yalionyesha asilimia 51. Yale 11 ndiyo yanayonikera zaidi. Jaribio lisiloonekana huacha pengo, na pengo mtu anaweza kulishuku, lakini lililopambwa huingia katika hesabu kama shahidi mwaminifu.

Ndiyo maana kanuni za kazi hii ni kali. Swali, vigezo vya kuchagua tafiti na matokeo yatakayopimwa huandikwa kabla ya kuanza, na tangu 2011 mpango huo unaweza kusajiliwa hadharani katika rejista ya PROSPERO, Uingereza. Watu wawili huchuja tafiti kila mmoja peke yake, kisha hulinganisha. Barua huandikwa kwa watafiti na kwa kampuni kudai takwimu zilizokaliwa. Wajerumani walipofanya hivyo kwa dawa iitwayo reboxetine, waligundua kwamba takwimu za takriban robo tatu ya wagonjwa hazikuwa zimechapishwa. Zilipotolewa, mapitio ya 2010 yalionyesha dawa hiyo haikushinda kidonge bandia, na madhara yake yalikuwa mengi zaidi.

Wako wanaosema wagonjwa hawawezi kusubiri miezi ya upekuzi. Hoja hiyo naiheshimu, ila historia haiiungi mkono. Kwa miaka mingi manusura wa ajali na maafa waliketishwa mara moja, mapema, wasimulie yaliyowapata, kwa imani kwamba kiwewe kingezuilika. Mapitio ya shirika la Cochrane hayakuona kinga yoyote. Katika jaribio moja la watu walioungua moto huko Wales, baada ya miezi 13 asilimia 26 ya waliopewa kikao walikuwa na ugonjwa wa kiwewe, dhidi ya 9 ya wasiopewa. Ni kweli kwamba waliopewa kikao walikuwa wameungua vibaya zaidi tangu mwanzo, na mapitio mazuri husema hivyo waziwazi.

Wengine huhofia kwamba upekuzi huu utawafanya wagonjwa waache dawa. Mapitio yaliyoongozwa na Andrea Cipriani mwaka 2018 yalikusanya majaribio 522, yakiwemo ambayo hayakuchapishwa, yenye washiriki 116,477. Dawa zote 21 zilizopimwa zilishinda kidonge bandia kwa watu wazima, ingawa kwa kiasi cha wastani. Mgonjwa anayeambiwa hivyo ana sababu ya kuiamini dawa yake kuliko aliyeahidiwa makubwa.

Kwetu Afrika kazi inaanzia mapema zaidi. Rejista ya majaribio ya kitabibu ya bara zima ipo Cape Town, na mtafiti wa Dodoma au Kisumu anayejaribu ushauri nasaha katika zahanati anaweza kujisajili humo kabla ya kumpokea mshiriki wa kwanza. Akifanya hivyo, hata matokeo yakimvunja moyo akayaacha, mwingine miaka kumi baadaye ataliona jina la jaribio na kumwandikia kuuliza yako wapi.