Chimbeni Shimo Kabla ya Kujenga Ghala



Chama kinachokusudia kujenga ghala Kasingirima, au penginepo Ujiji, hakina budi kwanza kuujua udongo wa kiwanja chake.

Kina cha Ziwa Tanganyika hubadilika. Baada ya maji yake kubomoa kizuizi cha mto Lukuga, upande wa Kongo, mnamo mwaka 1878, ziwa lilishuka kwa mita kadhaa na ufuko wa Ujiji ukasogea mbali. Mwaka 1964, na tena 2020 na 2021, lilipanda. Ziwa likipanda, maji yaliyo chini ya ardhi ya ufukweni hupanda pia.

Kwa hiyo chimbeni mashimo kando kidogo ya mistari ya msingi, yapite kina chake. Shimo refu likingwe kwa mbao, lisije likamfukia mchimbaji. Andikeni kila tabaka na kina chake. Udongo mbichi ukisokoteka kama uzi ni wa mfinyanzi. Aghalabu huvimba kwa mvua na kusinyaa kiangazi. Acheni shimo usiku kucha, kisha pimeni maji yaliposimama. Rudieni wakati wa mvua, kwani kipimo cha Agosti hakitoshi. Maandishi hayo mpeni mhandisi kabla hajachora msingi.

Nilipata kukagua ghala ambalo vitabu vyake vilikuwa safi, lakini sakafu ililowa na magunia ya chini yakaoza. Shimo halikuchimbwa. Ukuta ukipasuka, mkopo haufutwi. Wanachama ndio walipao.