SIRI ISIYO NA KIKOMO NI MAFICHO

Kila askari, awe wa jeshi au wa polisi, hufundishwa mapema kwamba siri ya kazi ni amana. Huambiwa yule anayepaswa kuijua, kwa wakati unaopasa, na kwa ajili ya kazi tu. Kanuni hiyo haiishii kambini. Inawaongoza pia mafundi wa programu za kompyuta za Linux, watu waliotawanyika duniani, ambao wengi wao hawajapata kuonana uso kwa uso, na ambao kazi yao iko wazi kwa yeyote atakaye kuisoma.

Watu wanaofanya kazi hadharani wana siri gani? Siri yao ni ufa. Fundi akigundua ufa katika programu na kuutangaza siku hiyo hiyo, wezi wataupitia kabla haujazibwa. Kwa hiyo taarifa hupelekwa kwanza faraghani kwa kundi maalumu la wawakilishi wa watengenezaji wa mifumo ya Linux. Wanachama wake huchujwa. Hutakiwa kuitumia taarifa kwa kazi ya kuziba ufa tu, na kumjulisha yule tu ambaye bila yeye kazi hiyo haiendi.

Lakini siri hiyo imewekewa kikomo: siku 14, si zaidi. Baada ya hapo umma lazima uelezwe. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Siri isiyo na mwisho humlea mzembe, na mwenye kompyuta hubaki hajui kwamba mlango wake uko wazi.

Kanuni hiyo ilipata mtihani mkubwa mwaka 2024. Programu ya kubana mafaili iitwayo XZ Utils ilikuwa ikitunzwa na mtu mmoja wa kujitolea. Kuanzia mwaka 2021 akajitokeza msaidizi aliyejiita Jia Tan, mwenye bidii na adabu. Mwaka 2022 zikamiminika barua za watu wasiofahamika, zikimlaumu mtunzaji kwa kuchelewa na kumshinikiza agawe madaraka. Msaidizi yule akakabidhiwa funguo. Mnamo Februari na Machi 2024 yakatoka matoleo mawili ya programu hiyo, ndani yake mmefichwa mlango wa kumwingiza adui katika kompyuta za watu.

Aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi wa kampuni ya Microsoft. Aliona kwamba kuingia katika kompyuta kutoka mbali kumechelewa kwa takriban nusu sekunde, naye hakulipuuza jambo hilo. Tarehe 28 Machi aliwaarifu wahusika kwa siri. Tarehe 29 ulimwengu mzima ukaelezwa. Matoleo hayo yalikuwa hayajaenea zaidi ya mifumo michache, mingi yake ikiwa ya majaribio.

Kikulacho ki nguoni mwako. Adui yule hakuvunja lango, alifunguliwa. Alimkuta mlinzi mmoja, amechoka, hana wa kumpokea zamu, akamshinda kwa subira na kwa maneno ya lawama. Kanuni za siri peke yake zisingemzuia. Kilichookoa ni jicho la mtu aliyekuwa huru kuchunguza kazi ya wengine, pamoja na utaratibu uliokuwa umekwisha kupangwa kuhusu nani aambiwe kwanza, na lini wote waambiwe.

Siri yenye kanuni na kikomo ni ngao. Isiyo na kikomo ni maficho, na katika maficho adui hukaa kwa raha kuliko mwenyeji.