Msituni Hakuna Anayefagia

Hapa Njiru tulipanda miti mara mbili karibu na machimbo ya mawe, na mara zote mbili ikakauka. Tulilaumu jua, tukalaumu mbuzi, tukamlaumu hata aliyetuuzia miche. Basi Agosti 2018, binti wa mwenzetu, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alipopata nafasi ya kwenda na shule Msitu wa Kakamega, mama yake akaja kikundini kuomba nauli. Manung'uniko yalikuwa mengi, maana pesa hiyo ilikuwa ya tangi. Mwishowe tulitoa, kwa sharti kwamba akirudi atufundishe kitu, si kutuonyesha picha za nyani peke yake.

Kakamega ni mabaki ya upande wa mashariki ya ule msitu mkubwa wa Kongo. Mvua yake hufika kama milimita 2,000 kwa mwaka. Yetu haifiki nusu. Binti alidhani atakuta udongo wa ajabu, wenye kina, unaolisha miti mikubwa namna ile. Aliyewatembeza akawaambia wafukue chini ya mti kwa mikono. Juu palikuwa na majani makavu, chini yake majani yaliyooza nusu, yenye nyuzi nyeupe za ukungu, kisha tabaka jembamba la udongo mweusi wenye unyevu. Kumbe chakula cha msitu kiko juu juu! Jani likianguka, mchwa, jongoo na ukungu hulisaga, na mizizi hulipokea tena. Bila lile blanketi mvua ingeosha kila kitu.

Alisikia pia habari za Muliru, kikundi cha wakulima wanaopakana na msitu. Hao walipanda mashambani kwao mmea wenye harufu kali, jamaa wa mrehani, wakachemsha majani kwa mvuke na kutoa mafuta ya kutengenezea dawa ya kupaka ya mafua. Kwa hiyo walipata pesa bila kuingia msituni na panga. Mwaka 2010 walipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Jambo hili sisi bado tunalizungumza.

Siku ya kutoa habari, baada ya ibada, binti alituuliza: "Akina mama, msituni nani hufagia?" Tulicheka, kisha tukanyamaza. Kila Jumamosi sisi tulikuwa tukifagia chini ya miche mpaka ardhi inang'aa, halafu tunachoma majani. Tuliuita usafi.

Mvua ya vuli ilipoanza tulipanda tena. Kila mche tuliuzungushia manyasi na majani makavu, unene wa kiganja, tukaacha nafasi ya vidole vinne kutoka kwenye shina, maana yakiligusa, gome huoza na mchwa hupanda. Udongo wetu mweusi hupasuka wakati wa kiangazi. Ukifunikwa haupasuki upesi, na debe moja la maji huenda mbali.

Mwaka 2019 mvua ya masika ilichelewa, tukaogopa. Miche mingine ilikufa kweli. Lakini iliyosimama ilikuwa mingi kuliko iliyokufa, jambo ambalo hatukuwahi kuliona.

Mama yake binti alikataa katakata kuacha kufagia uwanja wa nyumbani. Walikubaliana tu kwamba majani ya uwanjani yasichomwe, yajazwe kwenye gunia na kupelekwa kwa miche.