Doa kwenye ini halikatazi chanjo

Mtu huenda kupigwa picha ya ultrasaundi kwa sababu ya tumbo linalomsumbua, akarudi na habari ya doa kwenye ini. Mara nyingi doa hilo ni hemanjioma, fundo dogo la mishipa ya damu ambalo si saratani na aghalabu halihitaji dawa. Akifika nyumbani, watu wake humpangia miiko: asile hiki, asinywe kile, na sindano ya chanjo asiisogelee kamwe.

Kwetu Kitui na Makueni, mashariki mwa Kenya, hofu hiyo ya ini si ya kubezwa. Mwezi wa Mei 2004 madaktari wa hospitali za Makueni na Machakos walianza kupokea watu wenye macho ya manjano ambao maini yao yalikuwa yakishindwa kazi. Kufikia Julai 20 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 317, na 125 kati yao walifariki. Makueni pekee ilikuwa na wagonjwa 148, Kitui 101. Chanzo kilikuwa mahindi ya shambani mwao wenyewe, yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu hadi yakaota kuvu na kujaa sumukuvu.

Kisa hicho husimuliwa kama habari ya mahindi tu, nami naona kimekatwa nusu. Watafiti walilinganisha wagonjwa 40 na wanakijiji wenzao 80 ambao hawakuugua. Waliougua walikuwa na sumukuvu nyingi zaidi damuni, jambo ambalo kila mtu alilitarajia. Lakini pia dalili ya virusi vya homa ya ini aina ya B ilionekana kwao zaidi kuliko kwa wenzao, na uhusiano huo ulibaki hata kiwango cha sumukuvu kilipozingatiwa. Huko Shanghai, China, wanaume waliofuatiliwa kwa miaka walionyesha upande wa pili wa jambo hilohilo: aliyekuwa na sumukuvu na virusi hivyo kwa pamoja alikabiliwa na hatari ya saratani ya ini karibu mara 60 ya asiye na chochote kati ya hivyo.

Sumukuvu haina chanjo. Virusi hivyo vinayo. Basi mwenye ini lenye kasoro, anayeishi mahali ambapo sumukuvu hurudi kila mvua inapovuruga mavuno, ana sababu zaidi ya kuitafuta chanjo hiyo kuliko jirani yake.

Je, sindano yenyewe haitalichosha ini? Chanjo ya homa ya ini B haina virusi hai wala vilivyouawa. Ndani yake mna protini ya ganda la virusi, iliyotengenezwa kwa hamira, kwa hiyo haiwezi kumwambukiza mtu ugonjwa. Hudungwa kwenye msuli wa bega, na kazi kubwa hufanywa na chembe za kinga kwenye tezi zilizo karibu. Haimlemei mtu ini kama vile vidonge vya maumivu vinavyomezwa kupita kiasi, ambavyo watu hununua dukani bila kuuliza lolote!

Hemanjioma, uvimbe wa maji na ini lenye mafuta havizuii chanjo. Hali ya Gilbert, ya kurithi, ambayo macho huwa manjano kidogo mtu akifunga au akipata homa, nayo haizuii. Homa ndogo ya baada ya chanjo inaweza kumrudishia umanjano huo kwa muda, kisha ukapita. Lakini macho yakiwa manjano pamoja na kutapika, tumbo kuuma au kuchanganyikiwa, nenda hospitali mara moja, na mweleze daktari umekula mahindi gani.

Kinachozuia ni mzio mkali kwa dozi iliyotangulia au kwa hamira. Mwenye homa kali husubiri ipungue. Aliye na ini lililojaa kovu huchanjwa pia, ila kinga yake huenda ikawa hafifu, na daktari anaweza kuagiza kipimo cha damu baada ya dozi ya mwisho. Chanjo za virusi hai vilivyodhoofishwa, kama ya surua na ya homa ya manjano, zina masharti yake, lakini yanahusu mambo kama kinga ya mwili iliyoporomoka au ujauzito, wala si hemanjioma.

Kenya iliingiza kinga ya homa ya ini B katika chanjo za watoto mwaka 2001, na hutolewa katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Waliokuwa watu wazima mwaka ule wa 2004 walizaliwa kabla ya mpango huo, na wengi wao hawajawahi kuipata. Kwa mtu mzima dozi ni tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita tangu ya kwanza. Kabla ya dozi ya kwanza omba upimwe virusi hivyo, kwani aliyekwisha kuambukizwa hafaidiki na chanjo. Yeye anahitaji kufuatiliwa kliniki, na watu wa nyumbani kwake ndio wa kupimwa na kuchanjwa.