Robo Mzunguko kwenye Pampu ya Dizeli

Ukitaka kuijua injini ya lori, isubiri kwenye mlima wa Kitonga. Barabara ya TANZAM ikishaliacha bonde la Ruaha inapanda kwa kona kali kuelekea Ilula, na hapo semi zilizotoka bandarini Dar es Salaam na mzigo kamili hutambaa kwa gia ndogo. Zipo zinazopanda huku ekzosi ikiwa safi. Zipo pia zinazofukiza moshi mweusi mzito hadi anayefuata nyuma haoni kona. Baadhi ya hizi za pili zimepitia kwa fundi kabla ya safari: mwenye gari alilalamika kwamba gari halivuti, fundi akaizungusha skrubu ya pampu kuongeza mafuta, na gari likavuta kweli. Kwa muda.

Hakuna kosa kutaka lori livute vizuri. Lori linaloshindwa mlima linachelewesha mzigo na kuhatarisha walio nyuma yake. Tatizo ni kwamba injini ya dizeli haiongezewi nguvu kwa mafuta peke yake. Hewa ndiyo inayoamua mafuta kiasi gani yanaweza kuungua, na joto ndilo linaloamua injini itadumu kwa muda gani. Skrubu ya pampu inapaswa kuwa ya mwisho kuguswa, tena ikiwa tu kuna geji za kuonyesha kinachotokea.

Tuifanye hesabu kwa injini moja inayojulikana, Cummins 6BT ya lita 5.9, yenye silinda sita. Imefungwa kwenye malori ya Tata na mitambo mingi ya ujenzi, na mwaka 1989 ikaingia kwenye pikapu za Dodge huko Marekani ikiwa na nguvu ya farasi 160. Ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, kila silinda inawaka mara 1,250 kwa dakika. Ili itoe farasi hao wote inakunywa takriban lita 30 za dizeli kwa saa. Zigawe kwa idadi ya miwako na utapata kwamba kila silinda inapewa kama milimita za ujazo 70 kwa mpigo mmoja, kiasi kisichofika matone mawili ya maji. Nozeli inakinyunyiza kiasi hicho ndani ya takriban milisekunde mbili.

Sasa tazama hewa. Silinda moja ya injini hiyo ina ujazo unaokaribia lita moja, na lita moja ya hewa ya pwani ina uzito wa gramu moja na kidogo. Gramu moja ya dizeli inahitaji takriban gramu 14.5 za hewa ili iungue yote. Mafuta yetu ya mpigo mmoja yana uzito wa kama miligramu 60, kwa hiyo kwenye karatasi gramu 0.9 ya hewa ingetosha. Ndani ya silinda haitoshi. Mafuta yanaingia hewa ikiwa imekwishagandamizwa, na hayana muda wa kuchanganyika nayo sawasawa. Katikati ya mnyunyizo yapo mafuta mengi na oksijeni haba, na hapo ndipo masizi yanapozaliwa. Ndiyo maana hewa ikipungua chini ya gramu 18 hadi 20 hivi kwa kila gramu ya mafuta, moshi mweusi unaanza kuonekana. Mafuta yetu yanataka hewa gramu 1.2, na silinda inayovuta yenyewe haiwezi kuipata. Pengo hilo linazibwa na turbo, kifaa ambacho Mswisi Alfred Büchi alikiombea hataza mwaka 1905: moshi unaotoka unazungusha feni, feni inaishindilia hewa ndani.

Iringa mjini, ambako ni zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 14. Turbo nzima inafidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Injini isiyo na turbo haina pa kukimbilia: ikiwa pampu yake ilipimwa pwani kumwaga mafuta hadi ukingoni, itafuka moshi nyanda za juu bila mtu kugusa chochote.

Moshi wenyewe ni mafuta yaliyonunuliwa yakatupwa barabarani. Ni sumu pia. Mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Wauza vitunguu na nyanya wa pale Ruaha Mbuyuni na Ilula wanauvuta kila siku.

Lakini kinachoiua injini haraka ni joto. Mafuta yakizidi hewa yanaendelea kuungua wakati pistoni imeshaanza kushuka, mwako unachelewa, na joto ambalo lingesukuma pistoni linaishia kwenye ekzosi. Ndani ya silinda mwako unapita nyuzi 2,000 za Selsiasi, ilhali pistoni nyingi za malori ni za aloi ya alumini, inayoanza kuyeyuka katika nyuzi 500 na kitu. Pistoni inapona kwa sababu kila mwako ni wa kufumba na kufumbua, halafu inapozwa na hewa mpya inayoingia na oili inayorushwa chini yake. Ukiipandisha mlima kwa nusu saa na mafuta yaliyozidi, inalegea kabla hata ya kuyeyuka: kingo zinaliwa, ringi zinakwama, hedi inapata ufa, na hatimaye injini inanoki. Dereva hana namna ya kulijua hilo kwa kutazama geji ya maji. Rejeta inaweza kuonyesha joto la kawaida kabisa wakati pistoni iko taabani.

Geji inayohitajika ni ya joto la ekzosi. Kihisi chake kinafungwa kwenye manifoldi, kabla ya turbo. Kikifungwa baada ya turbo kitasoma chini kwa nyuzi mia moja au zaidi, na dereva atajiona salama wakati hayuko salama. Mafundi makini huchukua nyuzi 700 kama mpaka wa kupanda mlima mrefu. Geji ya pili ni ya presha ya turbo. Kwangu mimi, anayeongeza mafuta bila geji hizi mbili anacheza kamari na mali ya mtu.

Kabla ya kuongeza chochote, tafuta kwanza nguvu iliyopotea. Mara nyingi lori haliombi nguvu mpya, linadai ile liliyotoka nayo kiwandani. Chujio la hewa limejaa vumbi, mpira wa turbo umepasuka mahali pasipoonekana, chujio la dizeli limeziba, vali hazijapimwa kwa miaka, breki za gurudumu moja zimeshika. Nozeli zilizochoka hudondosha mafuta badala ya kuyanyunyiza. Tena kuna dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, ambayo hailainishi pampu ipasavyo. Uchakachuaji huo ulifika mahali Kenya ikaweka tozo maalumu kwenye mafuta ya taa mwaka 2018. Rekebisha hayo kwanza, kisha rudi barabarani ukapime.

Kama bado nguvu haitoshi, nenda kwenye hewa. Hewa iliyoshindiliwa na turbo inatoka ikiwa moto, na hewa ya moto ni nyepesi. Intakula inaipoza, hivyo nafasi ileile inabeba oksijeni nyingi zaidi na mwako unaanza ukiwa na joto la chini. Dodge ilipofungiwa intakula mwaka 1991, nguvu iliyotangazwa ilibaki farasi 160, lakini injini ikawa na nafasi ya kupumua ambayo haikuwa nayo awali.

Hapo ndipo zamu ya pampu inapofika, na mahali pake ni kwenye benchi la kupimia. Pampu ya mstari ina plenja moja kwa kila silinda, yenye mfereji uliokatwa mshazari. Fimbo yenye meno inaizungusha plenja, na kadiri inavyozunguka ndivyo mafuta ya kila mpigo yanavyoongezeka au kupungua. Kwenye benchi fundi anaiendesha pampu kwa mipigo 1,000 huku mafuta ya kila plenja yakimiminika kwenye mrija wake wa kioo. Kwa injini yetu kila mrija unapaswa kushika mililita 70. Mmoja ukiwa na 62 na mwingine 80, skrubu kuu haitasaidia kitu. Utaongeza mafuta yote, na ile silinda yenye 80 ndiyo itakayoungua ya kwanza. Ukikuta mirija sita imesimama kwenye mstari mmoja, hapo una fundi pampu wa kweli.

Pampu za turbo zina pia diaframu inayozuia mafuta mpaka presha ya turbo ipande. Wapo wanaoilegeza ili gari liitike haraka, na moshi unaotoka kila gia inapobadilishwa unaanzia hapo. Kwenye pampu za mzunguko aina ya VE, skrubu ya mafuta iko nyuma ya pampu. Robo mzunguko inatosha kwa hatua moja, kisha gari lipandishwe mlima na mzigo, joto la ekzosi na presha viandikwe. Ukiikaza skrubu kupita kiasi, mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta unapanda, gavana inashindwa kuurudisha chini, na injini inaweza kupaa mizunguko mpaka ikajivunja. Kila fundi anayeigusa ajue kwanza ataizimaje injini ikimkataa.

Malori mapya ya komon reli hayana skrubu hiyo. Kompyuta ndiyo inayopima mafuta, na presha kwenye reli inafika baa 1,600 hadi 2,500 kutegemea mfumo. Usipapase kwa kidole kutafuta panapovuja: mnyunyizo wa presha hiyo unapenya ngozi, na aliyejeruhiwa anahitaji daktari wa upasuaji siku hiyohiyo, hata kama anaona tundu dogo tu. Programu za kuongeza nguvu zinafuata kanuni ileile ya hewa na joto, na zikifuta vizuizi vya mtengenezaji hakuna diaframu ya kuokoa pistoni.

Nguvu ikiongezeka, klachi na rejeta vitabeba zaidi, lakini breki zitabaki zilezile. Lori linalopanda Kitonga kwa kasi zaidi litashuka mlima huohuo na tani zilezile, kwa hiyo breki ya ekzosi na ngoma za magurudumu zikaguliwe kwenye kazi hiyohiyo. Kazi ikiisha, skrubu ifungwe kwa lakiri, na vipimo vya mwisho viandikwe kwenye kitabu cha gari: mililita za benchi, presha ya turbo, joto la juu la ekzosi. Fundi wa Mbeya au Tunduma atakayelifungua gari hilo mwakani aanzie kwenye namba hizo.